Kipande cha Pili cha Mbuzi wa Kofia

Watu wa Talatala walimjua Anyisile kwa mambo mawili. La kwanza, kakao yake ilikauka vizuri kuliko ya jirani yeyote, hata mwaka ambao mvua iligoma kukatika. La pili, mzee huyu mwenye wajukuu, mtu wa kanisani na mwenye shamba lake, alikuwa anafungia katuni kabatini kwa kufuli, kama wengine wanavyofungia vitenge vya sikukuu.

Katuni zenyewe hazikuwa hizi za kwenye simu. Zilikuwa mikanda myembamba iliyoviringishwa kwenye magurudumu madogo ya bati, kila mmoja ndani ya kopo lake. Zilichorwa miaka karibu mia moja iliyopita huko ughaibuni, kabla filamu hazijapata sauti. Ukitaka kuziona ulipitisha mkanda kwenye mashine, ukawasha taa, ukaanza kuzungusha mpini kwa mkono. Ukizungusha polepole, mnyama alitembea kama mgonjwa anayejifunza tena kusimama. Ukiharakisha, alikimbia kama aliyekutana na chatu. Midomo ilifunguka na kufumbika, lakini hakuna kilichosikika ila mashine ikitafuna mkanda.

Mgeni alipouliza kuna raha gani katika vitu hivyo, Anyisile hakubishana naye. Alimkalisha mkekani ndani ya stoo ya kakao, akafunga mlango, akaziba matundu ya ukuta kwa magunia. Mgeni angeona mbwa anachomoa mkia wake na kuugeuza ngazi. Angeona alama ya kuuliza ikichomoza juu ya kichwa cha paka, na paka akiidaka na kuifanya ndoana ya kuvulia samaki. Wanyama hawakuwa na mifupa. Miguu ilinyumbuka kama mpira wa baiskeli, na macho yao meusi yalikuwa kama tikiti lililomegwa kipande.

"Sasa tazama mistari," Anyisile alikuwa akisema. "Unaona inavyotetemeka? Kila picha imechorwa kwa mkono wa mtu, na mkono hauwezi kuchora mstari uleule mara mbili. Waliochora wote wamekufa. Mikono imeoza, lakini kutetemeka kwake bado kuko hapa."

Wageni wengi walicheka walipoanza kutazama. Walipotoka nje juani, wengi walikuwa kimya.

Aliyemwelewa zaidi ni Haruni, muuza vifaa vya ujenzi mjini Kyela, ambaye babu zake walitoka pwani na kufuata biashara hadi Ziwa Nyasa. Haruni ndiye aliyechunguza kwa simu na kugundua kwamba duniani kuna watu wanaovuka nchi kwa ajili ya kopo moja la namna ile. Alimweleza Anyisile kwamba nyingi zimepotea kabisa: nyingine ziliungua, nyingine zilioza, nyingine zilitupwa zilipokuja zenye sauti. Na zile zilizouzwa kwa kutazamwa majumbani zilikatwa vipande, kipande cha kwanza kikauzwa peke yake na cha pili peke yake, kiasi kwamba kuna watu waliozeeka na nusu ya kisa.

"Hilo nalijua," Anyisile alimjibu. "Mimi ni mmoja wao."

Kisa chake kilianzia Matema, kando ya ziwa chini ya milima, ambako alizaliwa. Alikuwa bado mtoto wa shule, na dada yake Prisca alikuwa amemtangulia kuzaliwa kidogo tu. Siku moja, jua likiwa linazama, Mzee Shabani, baba yake Haruni, alifika na bidhaa zake za kuuza, na safari hiyo alikuwa na mashine aliyoachiwa na mkulima mmoja wa Kizungu aliyehama nchi. Alitundika shuka kati ya minazi miwili, akaunganisha taa na betri ya gari, akaanza kuzungusha.

Alionyesha mbuzi mdogo aliyevaa kofia. Mbuzi alikuwa amekaa ukingoni mwa maji akivua. Upepo ukaja ukampokonya kofia na kuiangusha majini. Mbuzi akajikuna kichwa, akavua ndevu zake, akazitundika mtini, kisha akajitosa kuifuata. Mapovu yakapanda juu, makubwa, yakifuatana. Yakapungua. Likaja povu moja dogo, likapasuka. Shuka likabaki jeupe.

Watu walipiga makofi. Prisca hakupiga. Alikwenda hadi kwenye mashine.

"Shikamoo, Babu. Akatoka?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kipande cha pili sina. Aliyeniachia mashine hakuwa nacho."

"Lakini alitoka?"

"Mungu ndiye ajuaye," Mzee Shabani akasema, na watu wakacheka.

Njiani kurudi nyumbani Prisca hakuacha kulisema jambo hilo. Alisema mapovu yalikuwa mengi, kwa hiyo pumzi ilikuwepo. Anyisile alisema mbuzi hajui kuogelea. Walibishana hadi mama yao, Marta, alipowaambia wanyamaze wale.

Haikupita muda, shangazi yao akamchukua Prisca kwenda Ikombe, ng'ambo ya kona ya ziwa, kuleta vyungu vya soko la Jumamosi. Wakati wa kurudi, upepo uliteremka kutoka milimani ghafla, kama unavyofanya upande ule, na mtumbwi uliojaa vyungu ukapinduka. Shangazi aling'ang'ania mtumbwi hadi wavuvi walipomfikia. Vyungu vilizama. Prisca hakuonekana. Wanaume walizunguka na mitumbwi siku baada ya siku, wakatazama kila ghuba na kila mwamba, na ziwa halikurudisha hata kitambaa chake cha kichwa.

Wanawake walianza kukusanyika uani ili walie. Marta akatoka nje, akawasimamisha.

"Mnamlilia nani?"

"Dada, tunamlilia mtoto."

"Nionyesheni basi." Akawaelekeza njia kwa mkono, akasema, "Msiba hauliliwi bila mwili. Mwanangu yuko safarini. Nendeni mkapike kwenu."

Hakukuwa na matanga wala kaburi. Mchungaji alikuja mara mbili, akarudi alivyokuja. Mwaka uliofuata Marta alimwambia mumewe kwamba hawezi tena kulala akisikia mawimbi, wakahamia Talatala, bara kidogo, kwenye mpunga na migomba. Baba akafia huko, akazikwa huko. Na miaka yote Marta alimsema Prisca kama mtu aliyetoka kwenda kisimani. Alisema, "Prisca hapendi magimbi," au, "Rangi hii ingemfaa Prisca." Anyisile akakua, akaoa, akazeeka ndani ya nyumba yenye mtu asiyefika wala asiyekufa.

Mashine aliiona tena akiwa mtu mzima, siku alipoingia dukani kwa Haruni kutafuta misumari ya bati. Ilikuwa juu ya rafu, nyuma ya makopo ya rangi. Mzee Shabani alikuwa ameshafariki.

"Hii niliiona Matema," Anyisile akasema.

Haruni aliishusha, akaifuta vumbi kwa kiganja. "Ajabu. Baba aliacha kwenda Matema ghafla, na biashara kule ilikuwa nzuri. Tulimuuliza, hakutuambia kitu."

Anyisile akamweleza. Haruni alisikiliza huku ameegemea kaunta, na alipomaliza, Haruni aliingia ndani akatoka na sanduku la makopo, akaliweka juu ya mashine.

"Chukua vyote, ndugu yangu. Wallahi hapa kwangu haviwezi kukaa tena."

Mara ya kwanza alipomtazama mbuzi ndani ya stoo, Anyisile alikuwa peke yake na mlango umefungwa. Alizungusha. Mbuzi akavua, kofia ikaruka, mapovu yakapanda. Hapo akahisi kuna mtu ameketi mkekani kushoto kwake, amekumbatia magoti. Hakumwona, kwa sababu hakugeuka. Lakini stoo iliyokuwa inanuka kakao ilinuka majani ya ziwani na mchanga mbichi. Povu la mwisho lilipopasuka na shuka likawa jeupe, kile kimya hakikuwa kimya cha chumba kitupu. Kilikuwa cha mtu aliyeuliza na anangoja ajibiwe.

Ndipo akaanza kukusanya. Alikwenda Tukuyu, akaenda Mbeya, akavuka mpaka hadi Karonga, akiuliza kwenye stoo za zamani na kwa watoto wa wapishi waliowahi kutumikia Wazungu. Alipata paka, alipata mbwa, alipata chura anayepiga fidla kwa mguu wake mwenyewe. Alikuwa anatafuta mbuzi, lakini njiani akawapenda wote, na mapenzi hayo yalikuwa ya kweli. Alijifunza kuwakagua kila masika, kuwapepea, na kuwanusa, maana mkanda unapoanza kufa hutoa harufu ya siki.

Jubilate, mkewe, alijua kuhusu yule mtu wa mkekani. Hakuambiwa, aliona tu kwamba mumewe anapozungusha mashine shingo yake haigeuki kushoto. Watoto wa jirani waliokuja kutazama walibanana upande mmoja, wakaacha nafasi upande wa pili, na hakuna aliyewahi kuwaagiza. Siku moja Haruni alitazama katuni mbili, akatoka nje akipepesa macho kwa jua, akasema:

"Yule binti wa mkekani ni mjukuu wako yupi? Hachekicheki kama wenzake."

"Binti yupi?"

Haruni akamtazama, kisha akautazama mlango wa stoo uliokuwa wazi. Akavaa viatu vyake bila kukaa chini. Hakuliuliza tena swali hilo, ila tangu siku hiyo kila akiingia stoo alianza na salamu, hata kama hamna mtu.

Kipande cha pili kilipatikana Njisi, na hakikupatikana kwa kutafutwa. Anyisile alikwenda huko kuchukua machipukizi ya migomba kwa mjane mmoja mzee aliyeitwa Beatrice. Jua lilikuwa kali. Aliomba maji. Bibi Beatrice aliinua kopo la bati, bapa na la mviringo, lililokandamiza kifuniko cha mtungi, akaliweka sakafuni, akamchotea.

Anyisile alikunywa nusu ya kata. Macho yake yalikuwa kwenye kopo.

"Mama, hili kopo ni la nini?"

"La marehemu mume wangu. Alikuwa mpishi wa Mzungu huko Tukuyu, akapewa alipoachishwa kazi. Lina utepe ndani, hauna kazi yoyote. Uzito wake tu ndio unanisaidia, paka hafunui maji."

Kutu ilikuwa imekaza kifuniko. Kilipofunguka, siki iliwapanda puani wote wawili. Mizunguko ya nje ya mkanda ilikuwa imegandana kama uji uliolala, lakini ya ndani ilikuwa bado inaachana. Anyisile alivuta kipande kidogo, akakielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Kwenye picha ndogo kuliko ukucha, juu ya maji meusi, palielea kofia.

Bibi Beatrice alimwona anavyoung'ang'ania mkanda, akamsogezea kigoda. "Chukua, mwanangu. Ila ukishajua kilichomo, uje unieleze. Nimekaa nacho miaka yote hii kama mume wa pili, na sijui kinasema nini."

"Ndaga fijo, mama," Anyisile akasema kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa shukrani ya Kiswahili ilikataa kutoka.

Yeye na Haruni walikata sehemu iliyooza, wakaisafisha iliyobaki kwa kitambaa laini, wakaiacha ipate hewa. Haruni alikuwa na furaha ya mwindaji. Alisema kuna watu Ujerumani ambao wakisikia tu watapanda ndege. Mkanda ulikuwa tayari, na bado kila siku Anyisile alipata udhuru: leo mpunga, kesho kanisa.

"Unaogopa nini?" Haruni alimuuliza hatimaye.

"Naogopa asitoke."

"Na akitoka?"

"Hilo naliogopa zaidi."

Aliyeukata mjadala ni Marta. Alikuwa mkongwe sasa, macho yamefifia, na katika maisha yake yote hakuwahi kutia mguu ndani ya ile stoo. Alimwita mwanawe barazani.

"Nasikia umempata yule mbuzi."

Anyisile alishtuka. Hakujua kama mama yake anamkumbuka mbuzi. "Nimempata, mama."

"Usiku ule Prisca alinisumbua naye mpaka akasinzia. Niingize nami nione."

Walikutana alasiri, kakao ikiwa imetandazwa uani. Haruni alimleta Bibi Beatrice kwa gari lake. Marta aliwekewa kiti, Jubilate akaketi miguuni pake, na ule upande wa kushoto wa mkeka ukabaki wazi. Matundu yakazibwa kwa magunia. Anyisile akashika mpini.

Kofia ilielea. Akaja bata, akaiona, akaanza kulia. Machozi yakadondoka makubwa kama maharage. Akaja nguruwe, akaja mbwa, wakaja wanyama wa kila aina wakiwa wamejipanga mstari, kila mmoja na leso yake. Wakaiopoa kofia kwa ufito, wakaiweka ndani ya jeneza dogo. Wakachimba shimo. Na nyuma yao kabisa, bila mtu kumwona, mbuzi akatoka majini, anachuruzika kama paa la makuti.

Haruni akaachia kicheko. Bibi Beatrice akapiga makofi.

Mbuzi alishangaa kuona msiba. Alimgusa mbwa begani, mbwa akatikisa kichwa kwa huzuni, akampa leso. Mbuzi naye akalia, akalia kuliko wote, akasukumana na mstari hadi kwenye jeneza. Akachungulia. Hapo kulia kukakoma. Alama ya kuuliza ikachomoza juu ya kichwa chake na ikasimama hapo, ikitetemeka. Kuoza kwa mkanda kulikuwa kumeshafika sehemu hiyo. Maua meupe ya ukungu yalichanua na kufifia juu ya uso wake. Mbuzi akaichukua kofia, akaivaa. Waombolezaji walipomtambua wakatimua mbio, leso zikabaki hewani. Mbuzi akasalia peke yake ukingoni mwa shimo, amevaa kofia, anawatazama waliomo stoo. Hakucheka. Mkanda ukaisha.

Kushoto kwake, Anyisile alisikia mtu akicheka puani, kicheko kifupi cha mtoto aliyeshinda ubishi. Jubilate alimshika mkwewe mkono. Marta hakuwa anatazama shuka. Alikuwa anautazama mkeka, na alikaa akiutazama muda mrefu, kwa macho yale yasiyoona hata uzi kwenye sindano.

Kisha akasema, "Hata mbuzi wamemchimbia kaburi. Mimi mwanangu nimemwacha amesimama ukingoni, anangoja watu wamlilie."

Akafungua kinywa akalia. Hakulia kama bibi kizee. Alilia kama mama aliyeletewa habari asubuhi ile, kwa sauti iliyofika kwa majirani, na majirani wakaacha majembe wakaja mbio wakiuliza nani amefariki. Jubilate alitoka mlangoni akawajibu, "Prisca." Wazee wachache walielewa. Wengine walikaa tu chini wakalia nao, kwa sababu msiba ulikuwa mbichi, hata kama aliyekufa alikuwa amekufa kabla wengi wao hawajazaliwa.

Matanga yalikaliwa. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, na kando ya kaburi la baba likachimbwa kaburi fupi. Waliweka humo mchanga ambao Anyisile aliufuata Matema mwenyewe, ndoo moja, akauchota palepale mitumbwi inapotia nanga. Bibi Beatrice alilala kwa Marta siku zote za msiba, wakiwa wageni wawili waliokutana wakati hawana muda wa kuwa wageni.

Wageni walipotawanyika, Anyisile aliingia stoo peke yake. Aliviunga vipande viwili, akamzungusha mbuzi kuanzia ndoana hadi kaburini. Kisa kilikuwa kamili, pengine cha pekee kilichobaki kamili popote, na Haruni alikuwa tayari ameanza kupokea simu. Alipomaliza, Anyisile aligeuza shingo kushoto. Mkeka ulikuwa mkavu. Stoo ilinuka kakao.

Jubilate alimkuta amekaa vivyo hivyo, mkono bado kwenye mpini.

"Amekwenda," Anyisile akamwambia.

"Si ndicho ulichokuwa unakitaka, Baba Ezekiel?"

Anyisile aliachia mpini. "Nimemzoea," akasema. "Nilikuwa mtu mwenye dada."

Nje, wingu lilikuwa limeshuka juu ya migomba na matone ya kwanza yalikuwa yanapiga bati. Jubilate aliita kwamba kakao italoa. Anyisile akazima taa, akatoka, wakaanza kuzoa wote wawili kwa mikono.